Kabla ya Kunakili Mstari Mmoja: Mwongozo kwa Mwenye Tovuti Asiye Mtaalamu

Maduka, nyumba za wageni, shule, vikundi vya kuweka na kukopa na mafundi wa kila aina siku hizi wana tovuti zao. Wengine huzijenga wenyewe kwa kufuata maelekezo wanayoyakuta mtandaoni, na wengine humlipa mtu awajengee. Katika hali zote mbili, sehemu kubwa ya kazi hiyo haiandikwi upya, bali hunakiliwa: mistari michache ya kuweka fomu ya mawasiliano, mstari mmoja wa kupata cheti cha usalama, amri mbili tatu za kuandaa seva. Mistari hiyo ndiyo tunayoiita katika makala haya vipande vya msimbo.

Kunakili si kosa. Wataalamu wenye uzoefu hunakili kila siku, na mstari uliojaribiwa na watu wengi mara nyingi ni salama kuliko ule uliobuniwa kwa haraka. Hatari hutokana na jambo moja: kompyuta haipimi nia ya mwandishi. Hutekeleza kila neno kwa mamlaka yote aliyo nayo yule aliyebonyeza kitufe. Mstari ukiwa mbaya, aliyeuandika hapati hasara yoyote. Hasara humwangukia mwenye tovuti, na nyuma yake wateja waliomwamini kwa majina, namba za simu na fedha zao.

Makala haya yameandaliwa ili kumwezesha mtumiaji wa kawaida kuvitambua vipande vinavyotumika sana, kujua ni vipi vya kuepuka, na kumuuliza fundi wake maswali yenye maana. Hatukutaki ujifunze kuprogramu. Tunakutaka usiruhusu chochote kiingie kwenye tovuti yako kabla ya kupata majibu ya maswali matatu.

MASWALI MATATU YA KUULIZA

Kimetoka wapi? Kipande kilichotolewa na waandaaji wa programu yenyewe, katika maelezo yao rasmi, kina uzito tofauti na kile kilichotumwa kwenye kundi la mtandao wa kijamii na mtu usiyemfahamu. Angalia pia tarehe. Maelekezo ya miaka kumi iliyopita yanaweza kuwa yalikuwa sahihi wakati huo na yakawa hatari leo.

Kinafanya nini? Wewe au fundi wako muweze kueleza kila sehemu ya mstari kwa maneno ya kawaida. Jibu la kwamba "kinafanya kazi tu" halitoshi.

Kinapewa mamlaka gani? Kipande kinachobadilisha rangi ya kitufe hakipaswi kuhitaji uwezo wa kufuta faili zote. Mamlaka yakizidi kazi, simama kwanza.

VIPANDE VINAVYOFAA KILA MWENYE SEVA

Tuanze na vile vyenye manufaa. Mifano ifuatayo ni ya seva zinazotumia mfumo endeshi wa Linux wa aina ya Ubuntu au Debian, ambayo ni ya kawaida sana. Ikiwa umenunua nafasi kwenye seva ya pamoja ya kampuni, kazi ya kwanza hufanywa na kampuni hiyo, na mara nyingi ya pili pia. Hata hivyo unayo haki ya kuuliza kama inafanyika.

1. Kusasisha programu za seva

sudo apt update && sudo apt upgrade

Neno "sudo" huipa amri mamlaka ya msimamizi mkuu. Sehemu ya kwanza huchukua orodha mpya ya programu zilizopo, na ya pili huweka matoleo mapya. Wadukuzi wengi hawabuni njia mpya. Hutafuta seva ambazo bado zina kasoro iliyokwisha kutangazwa na kurekebishwa. Kusasisha huwafungia njia hiyo. Ikiwa tovuti yako imejengwa kwa WordPress au mfumo unaofanana nao, kumbuka kwamba mfumo huo na viongezi vyake husasishwa peke yake, na amri hii haivigusi.

2. Kupata cheti cha usalama

sudo certbot --nginx -d example.com -d www.example.com

Amri hii huomba cheti kutoka Let's Encrypt, huduma inayoendeshwa na shirika lisilo la kibiashara la Marekani, na kukiweka kwenye seva inayotumia programu ya Nginx. Mahali palipoandikwa example.com huwekwa jina la tovuti yako. Cheti hufanya mawasiliano kati ya mteja na tovuti yasisomeke njiani. Tangu Julai 2018, kivinjari cha Chrome humtahadharisha mgeni kwamba tovuti isiyo na cheti si salama.

Mambo mawili ni muhimu kwa mlipaji. Kwanza, cheti hiki hutolewa bure. Fundi ana haki ya kutoza malipo ya kazi ya kukiweka, lakini akikuandikia ankara ya "kununua cheti" kila mwaka, muulize ni cheti cha nani na kwa nini hakutumia cha bure. Pili, kwa miaka mingi cheti hiki kimetolewa kwa muda wa siku 90. Hivyo lazima kijihuishe chenyewe. Tovuti iliyokuwa nzuri miezi mitatu kisha ikaanza kuwaonya wateja, mara nyingi ni tovuti ambayo uhuishaji huo haukuwekwa.

3. Kutunza nakala rudufu

mysqldump -u mtumiaji -p duka > duka.sql
tar -czf tovuti.tar.gz /var/www/html

Mstari wa kwanza hutoa nakala ya kanzidata iitwayo "duka", yaani oda, majina ya wateja na bei. Alama "-p" huifanya seva iulize neno la siri badala ya neno hilo kuandikwa wazi kwenye amri. Mstari wa pili hufunga faili zote za tovuti katika furushi moja.

Nakala inayobaki kwenye seva ileile haikusaidii seva ikiharibika. Ihamishie mahali pengine, na angalau nakala moja uitunze mwenyewe. Usiache kamwe faili kama duka.sql ndani ya folda ya tovuti, kwa sababu mtu yeyote anayekisia jina lake anaweza kuipakua pamoja na taarifa zote za wateja wako. Walau mara moja kwa mwaka, mtake fundi airejeshe tovuti kutoka kwenye nakala hiyo huku ukitazama. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa haina uhakika.

VIPANDE VYA KUSITA NAVYO

Ruhusa ya 777

chmod -R 777 /var/www/html

Kipande hiki hupendekezwa mara kwa mara pale tovuti inapokataa kupokea picha au faili. Tatizo huondoka papo hapo, na ndiyo maana hupendwa. Lakini tarakimu hizo tatu humpa kila mtumiaji na kila programu iliyomo kwenye seva uwezo wa kusoma, kubadilisha na kuendesha kila faili la tovuti. Ni sawa na kung'oa milango yote ya nyumba kwa sababu kitasa kimoja kilikuwa kigumu. Utaratibu wa kawaida ni ruhusa ya 755 kwa folda na 644 kwa faili, na folda inayopokea picha peke yake kupewa mmiliki anayestahili. Ukikuta 777 kwenye kazi uliyoilipia, itake irekebishwe.

Amri inayopakua na kutekeleza kwa pamoja

curl -s https://example.com/weka.sh | sudo bash

Hapa seva huambiwa ichukue faili kutoka mtandaoni na kulitekeleza hapohapo kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, bila mtu kulisoma. Zipo programu za kuaminika ambazo waandaaji wake huelekeza njia hii, lakini imani hiyo hutegemea kabisa anwani iliyomo. Njia ya uangalifu ni kupakua faili kwanza, kulisoma, kisha kulitekeleza. Kumbuka pia kwamba ukurasa wa mtandao unaweza kuonyesha maneno fulani na kukunakilisha mengine. Kwa hiyo bandika kwanza kwenye daftari la kawaida la kompyuta, soma ulichonakili, ndipo ukipeleke kwenye dirisha la amri.

Msimbo unaoitwa kutoka tovuti ya mtu mwingine

<script src="https://example.com/menyu.js"></script>

Mstari huu huonekana mdogo kuliko yote, na pengine ndio unaosahaulika zaidi. Husema: kila mteja anapofungua ukurasa wangu, kivinjari chake kichukue msimbo kutoka anwani ile na kuutekeleza. Maana yake ni kwamba mwenye anwani ile anaweza kubadilisha tovuti yako leo, kesho au baada ya miaka mitano, bila kugusa seva yako.

Hili si jambo la kudhani. Anwani ya polyfill.io ilitumika kwa miaka mingi kusaidia vivinjari vya zamani kuelewa kurasa mpya, na mstari wake ulinakiliwa kila mahali. Mwaka 2024 anwani hiyo ilichukuliwa na mmiliki mpya. Juni mwaka huohuo watafiti wa usalama walitangaza kwamba ilikuwa ikipeleka msimbo hasidi, na baadhi ya wageni waliotumia simu walikuwa wakihamishiwa kwenye tovuti za kamari. Tovuti zaidi ya 100,000 zilikuwa bado zinaiita. Wamiliki wa tovuti hizo hawakufanya lolote jipya. Walikuwa wameacha mstari wa zamani mahali pake.

Mfano mwingine ni wa shirika la ndege la British Airways. Mwaka 2018 wadukuzi waliingiza mistari ipatayo 22 kwenye msimbo wa tovuti ya shirika hilo. Mistari hiyo ilinakili taarifa za kadi wakati mteja anapolipa na kuzipeleka kwenye anwani nyingine. Taarifa za watu zaidi ya 400,000 ziliguswa, na Oktoba 2020 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza ilitoza faini ya pauni milioni 20. Malipo yenyewe yaliendelea kukamilika kama kawaida, hivyo mteja aliyekata tiketi hakuona dalili yoyote.

Unaweza kuikagua tovuti yako sasa hivi bila utaalamu wowote. Ifungue kwenye kompyuta, bonyeza vitufe vya Ctrl na U kwa pamoja, kisha tafuta maneno "script src". Andika kila anwani isiyo ya kwako. Mpelekee fundi orodha hiyo na umuulize kila moja inafanya kazi gani. Isiyo na kazi iondolewe. Inayohitajika, ikiwezekana, nakala yake iwekwe kwenye seva yako mwenyewe.

Ufunguo wa siri ndani ya ukurasa

Chochote kilichotumwa kwenye kivinjari cha mteja kinaweza kusomwa na mteja huyo, kwa vitufe vilevile viwili tulivyovitaja. Kwa hiyo neno la siri la kanzidata, au ufunguo wa kuunganisha tovuti na huduma ya malipo ya simu, haupaswi kuonekana humo. Ukiuona, wasiliana na mtoa huduma ya malipo ili ufunguo ubadilishwe. Kuufuta kwenye ukurasa peke yake hakutoshi, kwa kuwa huenda umekwisha kusomwa.

Mapambo ya bure yasiyo ya bure

Ipo biashara ya kugawa bure mandhari na viongezi vya tovuti ambavyo kwa kawaida hulipiwa, baada ya kuvunjwa kufuli lake. Aliyekivunja kufuli amepata nafasi ya kuongeza mistari yake, na bidhaa hiyo haitapokea masasisho. Yapo mandhari halali ya bure kwa wingi. Hakuna sababu ya kuingia katika hatari hii.

TAHADHARI KWA WASIO NA TOVUTI

Hila ya kunakilisha amri huwalenga pia watu wa kawaida. Tangu mwaka 2024 umeenea ulaghai ambao ukurasa hujidai kukagua kama wewe si roboti, au hukuambia kwamba kompyuta ina hitilafu. Kisha hukuelekeza ubonyeze kitufe cha Windows na herufi R, ubonyeze Ctrl na V, halafu Enter. Bila wewe kujua, ukurasa umekwisha kuweka amri kwenye sehemu ya kunakilia, na kwa hatua hizo tatu unaitekeleza wewe mwenyewe. Kazi yake huwa ni kuweka programu ya kuiba maneno ya siri.

Hakuna ukaguzi halali wa roboti unaokutaka ufungue dirisha la amri. Ukielekezwa hivyo, funga ukurasa. Wafahamishe pia wazee na vijana wa nyumbani.

UNAPOMLIPA FUNDI

Malalamiko ya tovuti huzaliwa pia na umiliki. Mteja hulipa, tovuti hupendeza, kisha siku wanapotofautiana na fundi hugundua kwamba kila ufunguo uko mikononi mwa fundi. Tunashauri mambo yafuatayo yaandikwe kwenye mkataba kabla ya malipo ya awali.

1. Jina la kikoa lisajiliwe kwa jina lako au la biashara yako, kwa barua pepe unayoifungua mwenyewe. Vikoa vinavyoishia na .tz, kama vile co.tz kwa biashara, or.tz kwa asasi na sc.tz kwa shule, viko chini ya uangalizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania na husajiliwa kupitia wasajili waliothibitishwa. Muulize fundi jina la msajili, kisha hakikisha kwa msajili huyo nani ameandikwa kuwa mmiliki.

2. Akaunti ya seva iwe yako, na fundi apewe akaunti yake ya kufanyia kazi. Kazi ikiisha, akaunti hiyo ifungwe. Chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa. Ndiyo sababu tarehe ya mwisho ya idhini iandikwe.

3. Itajwe nani mwenye haki ya msimbo uliotengenezwa kwa ajili yako, na vipande vya watu wengine vilivyotumika viorodheshwe pamoja na leseni zake. Msimbo ulio wazi mtandaoni si lazima uwe huru kwa kila matumizi.

4. Siku ya makabidhiano upokee maandishi yenye: jina la msajili na tarehe ya kuhuisha kikoa, anwani ya seva, akaunti za usimamizi, mahali nakala rudufu zilipo, na orodha ya anwani za nje zinazoitwa na tovuti. Badilisha maneno yote ya siri siku hiyohiyo.

5. Sehemu ya malipo, kwa kiasi mtakachokubaliana, ibaki hadi makabidhiano hayo yakamilike. Dai risiti.

Fundi mwaminifu hatachukizwa na masharti haya. Humlinda yeye pia dhidi ya kulaumiwa kwa hitilafu zilizotokea baada ya kazi yake kuisha.

WAJIBU WAKO KWA WATEJA WAKO

Mwenye tovuti ni mtumiaji mbele ya fundi, lakini ni mtoa huduma mbele ya wateja wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, humtaka anayekusanya taarifa za watu kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzilinda taarifa hizo. Fomu ndogo inayouliza jina na namba ya simu ni ukusanyaji wa taarifa. Basi uliza kidogo iwezekanavyo. Duka la kuuza viatu halihitaji namba ya kitambulisho cha taifa ya mnunuzi, na taarifa ambayo hukuichukua haiwezi kuibwa kwako.

IKIWA TOVUTI IMEKWISHA KUVAMIWA

Dalili ni kama hizi: wageni wanahamishiwa kwenye tovuti nyingine, kurasa usizozijua zinajitokeza, kivinjari kinatoa onyo, au wateja wanapokea ujumbe ambao hukuutuma. Fuata hatua zifuatazo kwa mpangilio.

Kwanza, iondoe tovuti hewani kwa muda au weka ukurasa wa tangazo, ili wateja wasiendelee kuumia. Pili, piga picha za skrini na utunze kumbukumbu za seva kabla ya kufuta chochote. Huo ni ushahidi. Tatu, badilisha maneno ya siri ya kikoa, seva, kanzidata, barua pepe na malipo, ukitumia kompyuta nyingine unayoiamini. Nne, rejesha tovuti kutoka kwenye nakala ya kabla ya uvamizi, na uzibe tundu lililotumika kabla ya kuirudisha hewani. Tano, ikiwa taarifa za wateja zimeguswa, itaarifu Tume na uwaeleze wateja wenyewe kwa lugha nyepesi nini kimechukuliwa na wafanye nini. Uvamizi ni jinai, hivyo toa taarifa Polisi pia.

Mgogoro unaohusu kikoa cha .tz uanze kwa msajili, na usipotatuliwa ufikishwe kwenye Mamlaka ya Mawasiliano. Mgogoro wa mkataba kati yako na fundi ulalamikiwe kwanza kwa maandishi kwa fundi mwenyewe, ukimpa muda maalumu wa kujibu. Nenda popote ukiwa na mkataba, risiti, ujumbe mliotumiana na maandishi ya makabidhiano. Mlalamikaji mwenye nyaraka hizo husikilizwa haraka zaidi, na asiye nazo hulazimika kuanza kwa kuthibitisha kwamba tovuti ni yake.